Jua tunalo, sonona tunayo

Jamaa zetu walioko majuu, kila baridi inapoanza, wananiandikia: "Tunameza vitamini D, sonona isitukamate." Huku Tabora jua ni la bure mwaka mzima. Basi sonona itakuwa ugonjwa wa Wazungu, au siyo? Tuangalie historia.

Wazo hili lilizaliwa kwenye giza. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum alionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yana kirutubisho kinachoponya matege. Ndiyo vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, akaeleza sonona inayokuja na majira ya baridi. Watu wakaunganisha: jua likikosekana, vitamini hushuka, na moyo nao huzama.

Ni kweli wenye sonona mara nyingi hukutwa na vitamini D ndogo. Lakini kipi kilitangulia? Mwenye sonona hujifungia ndani! Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 lilihusisha watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na kuendelea. Wengine walipewa vitamini D, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano hivi. Vitamini haikuzuia sonona.

Sasa twende Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya Tabora mjini. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji kwao walipewa ardhi pale porini. Walilima juani miaka nenda rudi. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne hiyo walikuwa wameukana Urundi, na Utanzania hawajaushika mkononi.

Niambie, jua lingewasaidia nini hapo? Aliyepoteza ndugu, nyumba na nchi, kisha akangojeshwa karatasi, mzigo wake hauko kwenye ngozi.

Sisemi vitamini D haina kazi. Mifupa inaihitaji. Nachokataa ni ile kauli yetu, "mtu wa juani hana sonona, ana uvivu tu." Kauli hiyo inawanyima watu daktari, na inawanyima hata mtu wa kuwasikiliza.

Wewe mwenzangu unasemaje?