Kibaba Kimoja

Msomaji wangu, katika mwaka wa 1998 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimshtaki Rais Bill Clinton kwa kiapo cha uongo juu ya mwanamke asiye mkewe. Walioshika usukani wa mashtaka walikuwa watu wa chama cha Republican, ambao wengi wao walijinadi kuwa walinzi wa ndoa na dini.

Lakini siku ile ile ya kura, tarehe 19 Desemba, Bob Livingston, aliyechaguliwa na chama hicho awe Spika mpya, alitangaza kujiuzulu, kwani uzinzi wake ulikuwa umefichuka. Naye Newt Gingrich, aliyekuwa Spika, alikiri mwaka 2007 kwamba siku zile yeye pia alikuwa na hawara. Alijitetea kuwa shtaka lilihusu kiapo, si uzinzi.

Je, kosa la Clinton lilifutika kwa ajili hiyo? La, hasha. Wala ndoa haikupungukiwa na heshima. Kilichopungua ni imani ya watu kwa wasemaji. Basi kumbuka: ampimiaye mwenziwe kwa kibaba, hana budi kujipimia kwa hicho hicho.