Somo la Historia: Chombo cha Kusikia Kinachopandikizwa Sikioni

 

Wengi wenu mmepata kumwona mtu aliyevaa kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio. Kazi ya kifaa kile ni kukuza sauti. Lakini ndani kabisa mwa sikio mna kijifereji kilichojizungusha mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna vinyweleo vidogo mno, ambavyo huamsha mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo. Vinyweleo hivyo vikifa, kukuza sauti hakufai kitu. Ni sawa na kubisha hodi katika nyumba isiyo na mtu.

Basi wataalamu wakawaza: kwa nini tusiuamshe mshipa wenyewe kwa umeme?

Mwaka 1957, mjini Paris, Ufaransa, André Djourno na Charles Eyriès walijaribu. Mgonjwa wao akasikia milio, lakini hakuweza kufuata mazungumzo, na chombo kikaharibika. Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia.

Huko Australia alikuwako Graeme Clark, mtoto wa muuza dawa asiyesikia vizuri. Wateja wa baba yake walilazimika kupaza sauti kutaja haja zao mbele ya watu. Clark hakuisahau aibu ile, akasomea udaktari. Shida yake ilikuwa kuingiza waya katika kijifereji kile bila kukiumiza. Hata mwaka 1977, akiwa ufukoni, akachomeka jani la nyasi katika kombe la konokono wa bahari. Jani lililo laini nchani na gumu shinani likazunguka, likaingia. Akajua waya wake uweje.

Tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, mtu wa kwanza aliwekewa chombo cha Clark. Baadaye, alipopigiwa wimbo wa taifa, alisimama wima. Ameusikia!

Hata hivyo, chombo hiki hakiponyi uziwi. Aliyewekewa hana budi kujifunza kusikia, kama ninyi mnavyojifunza kusoma, herufi baada ya herufi. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akiwekewa mapema, katika miaka ya kujifunza kusema. Kwa hiyo, mtoto wako asipogeuka unapomwita, usingoje. Mpeleke hospitali apimwe masikio.

Maswali:
1. Kifaa cha nyuma ya sikio hufanya kazi gani?
2. Kwa nini hakimfai kila kiziwi?
3. Jani la nyasi lilimfundisha Clark nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.