Jina la Ukoo: Watemi, Wapwa na Karatasi za Serikali Katika Simiyu

Katika fomu nyingi za serikali yetu ipo nafasi ndogo iliyoandikwa "Jina la ukoo". Mwananchi wa Bariadi, Itilima au Meatu anapofika hapo hasiti. Huandika jina la babu yake, au la baba yake, kisha huendelea na tarehe ya kuzaliwa. Karani naye huipokea fomu bila kuona kasoro yoyote. Hata hivyo, jina lililoandikwa pale si la ukoo. Ni jina la mtu mmoja, aliyezaliwa siku moja, pengine siku ya mvua. Ukoo wenyewe haumo katika fomu hiyo, wala katika kitambulisho kitakachotokana nayo.

Ndugu msomaji, jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwashughulisha wataalamu wa lugha peke yao. Mimi naona ni kubwa. Katika mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, neno "ukoo" bado huamua nani atakaa kikaoni kugawa shamba la marehemu, na nani atasubiri nje. Tukiwa hatujui ukoo ulikuwa nini kabla ya kuandikwa, tutaendelea kuitii karatasi ya juzi tukidhani tunawatii mababu.

Tuanze na majina. Msukuma hakuwa na jina la kurithiwa na watoto wote kizazi baada ya kizazi. Jina lilieleza tukio au hali ya kuzaliwa. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula, na msichana aliitwa Kabula. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija. Makoye ni taabu, na Mayunga ni mtu wa kutembea huku na huko. Wengine walipewa jina la babu au bibi aliyefariki, ili lisipotee nyumbani.

Mtu alipotaka kujulikana vizuri zaidi, liliongezwa neno ng'wana, yaani mtoto wa. Tuseme Masanja ni mwana wa Mabula: ataitwa Masanja ng'wana Mabula. Akizaa mtoto akamwita Shija, huyo ni Shija ng'wana Masanja. Mabula ameshaachwa nyuma, labda arudi katika kitukuu atakayepewa jina lake. Kwa hiyo jina halikushuka kama maji ya mto. Lilizunguka.

Ukoo ulikuwa kitu kingine kabisa. Majina ya koo za Usukuma hutambulika kwa kiambishi cha watu wengi: Babinza, Bakwimba, Basiya na kadhalika. Mtu alikuwa wa ukoo fulani, lakini hakuitwa kwa jina la ukoo huo kila siku. Ulitajwa pale ulipohitajika: wakati wa posa, wa msiba, wa tambiko, wa madai ya ng'ombe. Tena kuwa mwana wa ukoo wa baba hakukutokana na damu peke yake. Ng'ombe wa mahari ndio waliowaleta watoto katika ukoo wa baba. Pasipokuwa na mahari, watoto walihesabiwa upande wa mama. Kwa maneno mengine, ukoo ulikuwa mapatano baina ya familia mbili, na mapatano hayo yaliweza kurekebishwa.

Sasa tuingie katika nyumba za watemi, maana huko ndiko kuliko na jambo ambalo wanafunzi wangu hulisikia kwa mshangao. Eneo ambalo leo ni Simiyu lilikuwa na tawala kadhaa za kitemi, zikiwemo Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa na Ng'wagala. Kutokana na Ntuzu, wenyeji wa Bariadi hadi leo huitwa Wantuzu. Neno ntemi hutokana na kitenzi kutema, yaani kukata: wapo wanaosema ni kukata pori ili watu wapate makazi, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Mtemi alikuwa na dhamana ya mvua, ya mbegu na ya amani, na ukame mrefu uliweza kumwondoa katika kiti.

Je, alirithiwa na nani? Kwa mila ya zamani ya Usukuma, mwanawe hakuwa mrithi. Kiti kilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, na waliochagua ni banang'oma, wazee wa baraza la ngoma ya utemi. Watoto wa kuzaa wa mtemi waliitwa banangwa, nao walipewa vijiji vya kusimamia. Hata neno ng'wanangwa likawa cheo cha mkuu wa kijiji. Tafakari hapo, msomaji: katika lugha ya utawala wa Usukuma, kuitwa mwana wa mtemi kulimaanisha kwamba wewe hutakuwa mtemi.

Kwa hiyo jamii moja ilikuwa na njia mbili za urithi kwa wakati mmoja. Ng'ombe na watoto wa mwananchi wa kawaida walifuata upande wa baba, ilimradi mahari imetolewa. Utemi ulifuata tumbo la dada. Hakuna aliyeona mgongano. Kila kitu kilikuwa na njia yake, na ukoo ulijua njia ipi inafaa wapi.

Dunia ina mifano mingi ya namna jina la mzazi linavyoganda na kuwa jina la kizazi. Ulio wazi zaidi ni wa Ayalandi. Huko nako watu waliitwa kwa jina la baba au la babu: Mac ni mwana, na Ó, au kwa maandishi ya zamani Ua, ni mjukuu. Mfalme Brian Bóruma aliuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Toirdelbach, mjukuu wake kwelikweli, aliitwa Ua Briain, yaani mjukuu wa Brian, naye alifariki mwaka 1086. Lakini waliomfuata nao waliendelea kuitwa hivyo hivyo, ingawa hawakuwa tena wajukuu wa Brian, na hapo ndipo ukoo wa O'Brien ulipopata jina linalobebwa hadi leo na maelfu ya watu duniani. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, familia nyingi za Ayalandi ziliacha kutumia Ó na Mac, kisha katika mwamko wa utaifa wa mwishoni mwa karne ya 19 wengine wakavirudisha.

Tofauti kati yao na sisi ni hii. Kule jina liliganda ndani ya jamii yenyewe, wakati koo za wafalme zilipokuwa zikijenga nguvu zao. Kwetu liligandishwa na daftari. Wajerumani waliweka kodi ya kibanda mwaka 1898, na kodi haidai bila orodha ya majina. Wamisionari nao walikuwa na vitabu vyao vya ubatizo. Kituo cha Nassa, ambacho leo kiko wilaya ya Busega, kilikuwa cha CMS kabla ya kukabidhiwa kwa AIM mwaka 1909. Shule ikaja na daftari la mahudhurio, na pamba ikaja na vitabu vya mauzo. Katika safari hiyo Shija ng'wana Masanja akawa Shija Masanja. Neno ng'wana, lililokuwa likieleza uhusiano, lilianguka njiani. Yakabaki majina mawili yaliyosimama kando kando, na la pili likageuka kuwa "la ukoo".

Mabadiliko hayo yalifika hadi katika kiti cha utemi. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926, serikali ilitaka watawala waliosoma. Shule ya Tabora ilikuwa imeanzishwa mwaka 1925 ili kuwaelimisha wana wa machifu. Angalia neno lenyewe: wana, si wapwa. Serikali iliwasomesha wale ambao mila haikuwapa kiti, kisha ikaona kwamba ndio wanaofaa kukikalia. Polepole urithi wa mpwa ukafifia, na urithi wa mwana ukashika nafasi.

Mfano unaojulikana sana uko kwa majirani zetu wa Busiya, Shinyanga. Mtemi Makwaia alirithiwa na mwanawe Kidaha, aliyesoma Tabora na Makerere. Mwaka 1945 Kidaha na Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Historia inamkumbuka kama David Kidaha Makwaia. Jina Makwaia sasa ni la familia nzima, lakini Makwaia alikuwa mtu, na ukoo wa kitemi wa Busiya ni Basiya. Katika vizazi viwili mtu mmoja amekuwa ukoo kwenye karatasi, na ukoo wenyewe umebaki katika kumbukumbu za wazee.

Hadi hapo mtu anaweza kuuliza: hasara iko wapi? Majina hubadilika kila mahali. Hasara ilikuja pale sheria ilipofuata njia ya daftari.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Mwaka huo huo ilitangaza sheria za mila kwa Matangazo ya Serikali Namba 279 na 436. Kazi ya kuziunganisha mila hizo ilikuwa imeanza mwaka 1961, na miongoni mwa walioifanya ni Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni katika masuala ya mila, na ambaye kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma kilichapishwa mwaka 1953. Katika kanuni za urithi zilizotangazwa, mtoto wa kiume wa kwanza ana daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Njia mbili zikawa moja. Mapatano yaliyokuwa yakijadiliwa na wazee, yakitazama mahari, ng'ombe na hali ya kila nyumba, yakawa vifungu vyenye namba.

Wajane wawili waliokuwa chini ya mila hizi za Kisukuma walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika hati. Walikwenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Wakati huo huo sheria nyingine za nchi zimekwenda mbele. Katika shauri la Pastory kutoka Kagera, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 1990 kwamba binti anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki halali wa ardhi.

Hata hivyo, kesi nyingi za mirathi haziendi Mahakama Kuu. Zinaanzia katika kikao cha ukoo, na mahakama za mwanzo zimezoea kupokea muhtasari wa kikao hicho. Anayekaa pale ni nani? Mara nyingi ni wale wanaofanana jina la mwisho. Binti aliyeolewa, ambaye kitambulisho chake huenda kimechukua jina la mume, huambiwa kwamba amehama ukoo. Mjane huambiwa kwamba hakuwahi kuwamo. Na watoto wa dada, wale ambao zamani wangeweza kurithi ngoma ya utemi, huitwa wageni.

Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi. Urithi wa mpwa haukumpa dada kiti; ulimpa mwanawe. Mwanamke wa wakati ule alikuwa njia ya utawala, si mtawala, na mwanaharakati makini hatamdanganya mtu juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba anayesimama kikaoni na kutamka kuwa "tangu mababu" urithi wa Msukuma ulipita kwa wanaume peke yao hasemi historia. Anasoma tangazo la mwaka 1963, na nyuma yake daftari la kodi.

Kwa wanafunzi, kaeni na wazee wa Ntuzu, Kanadi na Dutwa muandike koo zao kabla hazijafunikwa kabisa na majina ya mwisho. Kwa watumishi wa umma, mnapopokea muhtasari wa kikao cha ukoo, ulizeni nani hakuitwa na kwa nini. Na mnapokuta vyeti viwili vya mtu mmoja vyenye majina tofauti ya mwisho, msidhani haraka kwamba ni udanganyifu. Huenda cheti kimoja kiliandika jina la baba, na kingine la babu, katika jamii ambayo haikuwa na jina la tatu la kuandika. Kwa wanaharakati, msiende kijijini mkiupinga ukoo. Nendeni mkiukumbusha ukoo jinsi ulivyokuwa mpana kabla haujabanwa katika mstari mmoja wa fomu.