Miwani ya uhalisia pepe: hisia ni zako, faida ni ya nani?

Uhalisia pepe ni teknolojia inayotumia miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili na kumwonyesha mtu picha zinazomzunguka kila upande. Akigeuza kichwa, mandhari nayo hubadilika. Ukiwekwa ukingoni mwa ghorofa la kuchorwa, magoti hutetemeka ingawa umesimama sebuleni kwako. Hisia hiyo ya kuwepo mahali usipokuwepo ndiyo inayowavutia wenye matangazo ya biashara.

Nguvu yake ilionekana mwaka 2015 kupitia filamu ya Umoja wa Mataifa, Clouds Over Sidra. Mtazamaji hujikuta kando ya Sidra, msichana wa Syria mwenye umri wa miaka 12, katika kambi ya wakimbizi ya Za'atari, Jordan. Filamu hiyo ilitumika kuwaomba wafadhili msaada. Lakini kifaa kinachoweza kukutia huruma kwa mkimbizi kinaweza pia kukutia hamu ya soda au viatu.

Facebook, ambayo leo ni Meta, ilinunua kampuni ya miwani hiyo, Oculus, mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2. Juni 2021 ilitangaza kuwa itajaribu matangazo ndani ya mchezo wa Blaston. Wachezaji walikuja juu, kwani walikuwa wameshaulipia mchezo huo. Siku chache baadaye, watengenezaji wake, Resolution Games, walijiondoa katika jaribio hilo.

Hata hivyo, kero ya tangazo kukatiza mchezo ni jambo dogo. Televisheni haijui kama umetoka kwenda jikoni. Miwani hii hupima mwendo wa kichwa na mikono ili ifanye kazi, na baadhi, kama Meta Quest Pro ya 2022, inaweza kufuatilia macho na uso mtumiaji akiruhusu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2020 ulihusisha watu 511. Kwa kutumia data ya mwendo ya chini ya dakika tano, kompyuta iliwatambua kwa usahihi wa asilimia 95, bila jina wala picha.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa pa kusimamia. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto.

Kwa hivyo mzazi, kabla mwanao hajavalishwa miwani hiyo, uliza mambo matatu: inarekodi nini, data inakwenda wapi, na je, unaweza kukataa bila mtoto kunyimwa mchezo? Asiye na majibu asipewe idhini yako.