Habari za Ndigana Kali katika Nchi ya Mpanda

Kabla ya reli ya kutoka Kaliua kufika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, nchi ile ilikuwa miombo mitupu iliyotamalakiwa na mbung'o, na wenyeji wake, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, waliishi kwa kilimo, uwindaji na kurina asali, wala hawakuwa watu wa kusifika kwa ng'ombe. Hata Wasukuma, tangu miaka ya 1970, walipozidi kuteremka na makundi yao wakitafuta malisho, ndipo maradhi ya ng'ombe yakawa shauri kubwa la nchi.

Adui wa pili, baada ya mbung'o, alikuwa kupe wa kahawia apendaye masikio, na taabu yake ni kwamba hakuhitaji kungoja ng'ombe waje, kwa kuwa nyati, ambao uwanda wa Katavi una makundi yake makubwa mno, huchukua damuni mwao, pasipo kudhurika, kijidudu cha ndigana kali, maradhi ya ng'ombe yaenezwayo na kupe huyo. Kijidudu hicho alikiona mwanasayansi Robert Koch katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mnamo 1897, akadhani ni cha homa ya Texas, maradhi mengine ya ng'ombe. Walakini ng'ombe wa pwani yetu waliposafirishwa kwa bahari hadi Beira, na maradhi yakafika Rhodesia na kuua maelfu, watafiti Lounsbury na Theiler walibainisha kufikia 1904 kwamba ni maradhi mbali, na kwamba kupe yule ndiye mwenezaji.

Mchungaji hodari hupapasa tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega, akizikuta zimevimba hujua la kufanya kabla ya mtaalamu kufika. Damu ya ng'ombe mgonjwa ikiachwa itulie katika bomba, huganda chini na juu yake hubaki maji ya kimanjano, ambamo albumini, itengenezwayo na ini ili kuyashika maji ndani ya mishipa, aghalabu huonekana imepungua. Na kwa kuwa chembe zilizoambukizwa huiharibu mishipa ya mapafu, maji huvuja, mnyama akahema kwa shida na povu jeupe likamtoka puani. Kwa aliyejaliwa kupona, globulini hupanda, ila kinga yenyewe hasa ni kazi ya chembe nyeupe. Globulini ni shahidi wa vita zaidi ya kuwa askari wake.

Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, humtia ng'ombe vijidudu hai vya aina tatu, mojawapo asili yake ni nyati wa Serengeti, pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini siku ile ile. Ni kazi tukufu, nami naiheshimu. Ila chanjo hubebwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ng'ombe alishaye ukingoni mwa hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, hukutana na vijidudu vya nyati ambavyo chanjo haivizuii vyote.