Kijapani cha Yasuke, na ule ukuta wa katikati

Wadau, wengi wetu tulimjua Yasuke kupitia katuni na michezo ya kompyuta: Mwafrika mrefu, mweusi, upanga wa Kijapani kiunoni. Watu wamebishana hadi kutukanana kama alikuwa samurai kamili au la. Ubishi huo nauacha kwa wenyewe. Mimi nina swali dogo tu, la lugha. Huyu bwana alizungumza Kijapani cha kiwango gani?

Nauliza kwa sababu jibu lipo, na limeandikwa. Yasuke alifika Japani mwaka 1579 katika msafara wa Alessandro Valignano, mkaguzi wa wamisionari wa Kijesuiti. Mfaransa François Solier, aliyeandika mwaka 1627, alisema mtu huyu alitoka Msumbiji. Machi 1581 msafara ulifika Kyoto, na watu wakajazana kumwona mpaka ikawa vurugu. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote nchini, akataka aletwe mbele yake. Hakuamini rangi ile, akaamuru aoshwe aone kama itatoka. Haikutoka, bila shaka.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya maonyesho tu: mgeni anashangawa, anapewa zawadi, anaondoka. Lakini haikuishia hapo. Mjesuiti Lourenço Mexia, katika barua ya mwaka huohuo, anaeleza kwamba Nobunaga hakuchoka kuongea naye, na anataja sababu. Yasuke alikuwa na nguvu na vipaji vilivyompendeza bwana mkubwa, na alikijua Kijapani kwa kiasi cha wastani.

Wastani! Sio mbumbumbu, sio bingwa. Mwafrika wa kwanza tunayemfahamu kwa Kijapani chake aliandikwa kwenye kumbukumbu kama mtu wa kiwango cha kati. Na kiwango hicho kilitosha kumtoa kwenye kushangawa kikampeleka kwenye mazungumzo. Akaingia katika utumishi wa Nobunaga. Juni 1582, Nobunaga alipokufa katika uasi wa Akechi Mitsuhide pale Honnō-ji, Yasuke alikuwepo Kyoto, akapigana, akasalimisha upanga na kupelekwa kwa Wajesuiti. Baada ya hapo kumbukumbu zinanyamaza.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1579 hadi 1581 ni kama miaka miwili. Wakati huo hapakuwa na kitabu cha sarufi ya Kijapani kilichochapwa kwa ajili ya wageni. Kamusi kubwa ya Wajesuiti, ya Kijapani kwa Kireno, yenye maneno yapatayo 32,000, ilitoka Nagasaki mwaka 1603. Sarufi kubwa ya João Rodrigues ikafuata kati ya 1604 na 1608. Yasuke hakuwa na kimojawapo. Alichokuwa nacho ni safari, kazi, na watu waliotaka kusikia anasema nini.

Huyo Rodrigues naye anafaa kutazamwa. Alitoka Ureno, akafika Japani mwaka 1577 akiwa bado kijana mdogo, akakua huko mpaka akawa mkalimani mbele ya Toyotomi Hideyoshi na Tokugawa Ieyasu. Mwaka 1610 alifukuzwa nchini, na mwaka 1620, akiwa Macau, akachapisha sarufi fupi kwa ajili ya wanaoanza. Humo anaeleza kwamba kuna njia mbili za kujifunza Kijapani: kuishi na wenyeji na kuongea nao, au kusoma kwa kanuni, walimu na vitabu vizuri. Yeye mwenyewe alipita zote mbili. Baadaye Japani ikajifungia, na kwa zaidi ya miaka 200 mgeni wa kawaida hakuwa na njia hata moja.

Turuke sasa hadi karne ya 20, maana ukuta ninaoutaka uko huku. Mwaka 1984 Japani ilianzisha mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kijapani, ule unaojulikana kama JLPT. Watahiniwa wa mwaka wa kwanza walikuwa kama 7,000. Mtihani ulikuwa na ngazi nne, ya nne ikiwa ya chini kabisa. Ngazi ya tatu ilihitaji kanji zipatazo 300, maneno 1,500 na masomo ya saa 300. Ngazi ya pili ilihitaji kanji 1,000, maneno 6,000 na saa 600.

Umeona hiyo? Saa zinaongezeka mara mbili, maneno yanaongezeka mara nne. Mtu alitoka ngazi ya tatu akishangilia, akatazama juu, akakuta ngazi inayofuata iko darini. Wenye mtihani wenyewe walilikubali tatizo hilo: mwaka 2010 waliupanga upya kuwa ngazi tano, N5 hadi N1, na N3 ikawekwa katikati ya ile ya tatu na ile ya pili ya zamani. Kwa hiyo kwa robo karne nzima, katika mtihani mkubwa kuliko yote wa lugha hiyo, kiwango cha kati hakikuwa na ngazi yake. Wanafunzi waliokwama humo walidhani wao ndio wazito wa kichwa.

Nimeyawaza haya nikiwa huku Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Utasema Kijapani na Mabwerebwere wapi na wapi. Haya, panda Noah au Hiace yoyote iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Dereva anawasha, sauti ya dada mpole inasema: "ETC kaado ga sōnyū sarete imasen." Tumeizoea kama tunavyozoea honi. Maana yake ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Anayeanza atanasa "kaado", kwa kuwa inafanana na kadi, na atanasa "masen", ambayo ni ya kukanusha. Katikati pale, "sōnyū sarete", anapotea. Neno moja zito la kanji mbili, na kitenzi katika kauli ya kutendwa. Ule ukuta wote umo ndani ya sentensi moja ya gari.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha sana. Hicho kinachowatesa wenzetu wanaotokea kwenye Kiingereza, sisi tunacho nyumbani. Kijapani husema "taberu", kula. "Tabesaseru", kumfanya mtu ale. "Tabesaserareru", kufanywa ule. Sisi tunasema kula, kulisha, kulishwa. Mkia wa kitenzi unarefuka na maana inabadilika, mtindo ni uleule. Irabu zao ni tano kama zetu. Na lugha yao ya heshima, inayowatoa wageni jasho, haiwezi kumshangaza sana mtu aliyelelewa akijua nani anapewa shikamoo na nani anapewa mambo. Kanji ni mzigo, sikatai, lakini sarufi ya katikati si adui yetu.

Basi kwa nini wanaoanza ni wengi na wanaofika katikati ni wachache? Tazama upande wa pili. Vijana wa Kijapani wa kujitolea wamekuwa wakiletwa Tanzania tangu 1967. Wanaopangiwa kwetu hufundishwa Kiswahili kwanza huko kwao, kwenye kituo cha mafunzo kama kile cha Komagane, mkoani Nagano, ndipo wanasambazwa mashuleni, hospitalini na vijijini. Wanafika wakiwa na Kiswahili cha kitabu. Kinachowavusha ni sokoni, ni mwanafunzi asiyeelewa hesabu, ni jirani anayeuliza mbona umepungua. Mfugaji wa Kimaasai anayeleta ng'ombe mnadani huku Kilosa amevuka kwa daraja hilohilo: ukitaka bei nzuri, salamu peke yake haikufikishi.

Na hapa ndipo ninaposimama. Mwanzo wa lugha mtu anaweza kuufanya peke yake, na kitabu au na simu; Idhaa ya Kiswahili ya NHK inatoa masomo ya Kijapani bure, tena kwa Kiswahili. Katikati hapafikiki hivyo. Panahitaji mtu mwenye sababu ya kukusikiliza, na wewe uwe na sababu ya kumjibu. Nobunaga alikuwa na sababu. Yasuke pia.

Kwamba hili si suala la kujifurahisha, tulionyeshwa mwaka 2025. Agosti mwaka huo, katika mkutano wa TICAD 9 mjini Yokohama, shirika la JICA liliutangaza Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata, kuwa mji wa nyumbani kwa Tanzania. Nagai ilikuwa na undugu na sisi tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, na nia ilikuwa mabadilishano ya watu na utamaduni. Lakini neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, si lao wala letu. Huku likasomeka kana kwamba tumegawiwa mji. Kule likasomeka kana kwamba wahamiaji wanakuja kuuchukua. Simu na barua pepe za hasira zikafurika katika ofisi za mji. Tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango mzima. Sisi waandishi wa habari, wangapi kati yetu tungeweza kufungua tangazo la Kijapani tukasoma limesema nini?

Tena tangu Aprili 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na sharti la lugha la kuingilia ni N4 au mtihani wa kiwango hicho. Yaani mlango wa ajira umefunguliwa kwenye ngazi ya chini ya ukuta. Unaweza kuruka ukiwa na Kijapani cha kujitambulisha, ukatua mahali ambapo mkataba wa kazi na karatasi ya hospitali vimeandikwa kwa Kijapani cha upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejifunza, ukimaliza kitabu cha kwanza usikimbilie kununua cha pili. Tafuta Mjapani mwenye shida ambayo wewe unaweza kuitatua: anayetaka Kiswahili, anayetaka kuiona Mikumi, anayetaka kujua bei ya ufuta. Ongea naye vibaya mpaka uongee kwa wastani. Kwa wastani huohuo, mtu aliyetoka pwani yetu aliwahi kukaa mbele ya mtawala wa Japani, na mtawala hakuchoka kumsikiliza.