Gari likichemsha, usikimbilie kulaumu jua

Na Mwandishi Wetu, Magu

DEREVA anayetoka Mwanza mjini kwenda Bujora, umbali wa takriban kilomita 20 kwa barabara ya Musoma, hupita katika hali mbili tofauti. Kuanzia Mabatini, Buzuruga na Nyakato hadi Igoma, gari hujikokota katika msongamano. Akishapita Kisesa na kuendelea kuelekea Magu na Bunda, barabara hufunguka na mwendo huongezeka.

Gari lenye kasoro katika mfumo wa kupoza injini huanza kuchemsha katika mojawapo ya hali hizo. Dereva anayekumbuka ni wapi na lini mshale wa joto ulipoanza kupanda huwa tayari ana nusu ya jibu. Asiyekumbuka huishia kununua rejeta mpya wakati tatizo lilikuwa kifuniko chake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, kabla silinda hedi haijapinda na gharama haijawa ya kufungua injini nzima.

Jinsi injini inavyopozwa

Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo katika mafuta huendesha gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huingia katika maji yanayozunguka ndani ya injini. Joto hilo lisipoondolewa, vyuma hutanuka kupita kiasi na oili hupoteza uwezo wake wa kulainisha.

Pampu husukuma maji. Themostati huyazuia ndani ya injini hadi yapate joto la kufanyia kazi, kwa magari mengi nyuzi joto 82 hadi 88 za Selsiasi, kisha huyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta. Huko hupozwa na upepo wa mwendo, au wa feni gari linaposimama.

Kifuniko kidogo, kazi kubwa

Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama ilivyo Dar es Salaam au Tanga. Ukanda wa ziwa, kwa hiyo, una nafasi ndogo zaidi kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka kwa maji.

Kinachoongeza nafasi hiyo ni kifuniko cha rejeta. Vifuniko vingi vya magari ya Kijapani vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha mgandamizo vinachokihifadhi. Kwa kifuniko kizima cha 0.9, maji ya mfumo huo hapa Mwanza hayachemki hadi yapite nyuzi 115. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji huchemka na kumwagika hata kama injini haina kasoro nyingine. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika mfumo huu, na ndicho cha kukaguliwa mwanzo, injini ikiwa imepoa.

Linachemsha wakati gani?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, mshukiwa wa kwanza ni feni. Kwa feni ya umeme, washa kiyoyozi na uangalie kama inazunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei, swichi ya joto na mota. Kwa feni inayoendeshwa na injini, zima injini, subiri ipoe, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani wowote, klachi yake imechoka. Angalia pia kama fenibelti imelegea.

Likichemsha kwa mwendo mkubwa, likiwa na mzigo au likipanda mlima, huku likitulia mjini, mara nyingi maji hayapiti ya kutosha. Rejeta inaweza kuwa imeziba kwa ndani kwa kutu na chumvi za maji, mapanga ya pampu yameliwa, au mpira wa chini wa rejeta unanyonywa na kubanana injini inapoongezwa kasi. Kwa nje, vumbi na makundi ya wadudu wadogo wa ziwani huziba mapezi ya rejeta. Yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, pengine themostati imeganda ikiwa imefungwa. Dalili yake ni mpira wa juu kuwa wa moto na wa chini kubaki baridi. Ifunguliwe, itumbukizwe katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Nzima hufunguka karibu na joto lililoandikwa juu yake.

Mshale ukipanda na kushuka ovyo, maji yamepungua au kuna hewa ndani. Tahadhari: maji yakiisha kabisa, sensa huweza kubaki katika hewa na geji kuonyesha baridi wakati injini inaungua.

Themostati isitupwe

Kuitoa themostati na kufunga bila kuweka nyingine ni tiba inayopendwa katika gereji nyingi, lakini haifai. Injini huchukua muda mrefu kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Aidha, katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi ndani bila kupitia rejeta, na gari huweza kuchemsha zaidi ya awali.

Dalili za gasketi

Maji yakipungua bila kuonekana yanapovujia, chunguza gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyoisha katika rejeta, na mpira wa juu kuwa mgumu punde tu baada ya kuwasha injini baridi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufungwa gasketi mpya, la sivyo kazi itarudiwa.

Maji gani yatumike?

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magaga ndani ya rejeta. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti. Ingawa hapa hakuna barafu, kulanti huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Ni sumu yenye ladha tamu. Iwekwe mbali na watoto na mifugo.

Likichemsha njiani

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na ufungue hita hadi mwisho. Hita ni rejeta ndogo na huondoa sehemu ya joto. Ukifika kwenye alama nyekundu au mvuke ukitoka, egesha mahali salama na uzime injini. Kulazimisha kilomita chache ili kufika Kisesa au Igoma ndiko kunakopinda hedi.

Usifungue kifuniko. Maji yaliyogandamizwa yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni na kifuani. Subiri angalau nusu saa, hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha zungusha kifuniko taratibu kwa kitambaa kizito. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka.

Ukifika kwa fundi, mweleze lilichemsha wapi, kwa mwendo gani na baada ya muda gani. Mtake aanze na kiwango cha maji, kifuniko, mipira, fenibelti na feni, kisha themostati, rejeta na pampu. Gasketi iwe ya mwisho, isipokuwa dalili zake zimeonekana.